Kifaru Chini ya Pazia

Nilijenga kifaru pamoja na mtu ambaye mpaka leo sijauona uso wake. Tuliishi naye nyumba moja hapa Tunduma, tukala ugali wa sufuria moja, na kazi hiyo ilituchukua tangu mvua zilipokatika mpaka zilipoanza tena. Mikono yake naijua kuliko ninavyoijua mikono ya baba yangu mzazi. Kidole gumba cha kulia kina ukucha uliopasuka katikati, na kiganja cha kushoto kina kovu la kuungua lenye umbo la jani. Uso siujui. Mtu huyo ni baba wa mume wangu.

Kwa Wandali wa Ileje, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia, anainama pembeni na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Jina lake halitamki. Mimi ni Mnyiha, nimekulia karibu na Mbozi Mission, na kwetu heshima ipo lakini haikazwi namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya ndoa, shangazi wa mume wangu, dada yake huyo baba mkwe, alinikalisha jikoni akanipa masharti yote kwa mpangilio.

"Na kama nyumba ni ndogo, shangazi?"

"Mtanunua pazia."

"Na kusemeshana?"

"Zamani hapana. Siku hizi mjini mmelegea, mtasemeshana ukuta ukiwa katikati. Lakini kuonana, mwali wetu, usithubutu."

Siku ya harusi baba mkwe alikaa nyuma ya watu na mimi nilikuwa nimefunikwa. Picha yake ilikuwemo kwenye albamu yetu, nami nilijizoeza kuuruka ukurasa ule.

Baadaye macho yalimwishia. Hospitali walisema ni presha ya macho na kwamba alichelewa. Mume wangu alimtoa Ileje akamleta kwetu, tukampa chumba kinachofungukia sebuleni. Mume wangu ni fundi wa magari makubwa, na alifikiri kwa akili ya fundi: mzee haoni, basi pazia la nini tena?

Shangazi alikuja makusudi kujibu swali hilo. "Yeye haoni. Mkeo anaona. Wewe unadhani masharti ni ya nani?"

Pazia likabaki. Lilikuwa la kitambaa kizito cha rangi ya kahawia. Chakula nilikisukuma chini yake, maji ya kunawa vilevile, na salamu zilipita katikati ya kitambaa asubuhi na jioni. Alikuwa mpole, maneno machache. Jambo moja mume wangu alinionya nisiliulize: vita. Baba yake aliendesha kifaru katika vita vya Kagera, akarudi mzima, na nyumbani hakuna aliyewahi kupata zaidi ya hapo.

Wakati huo nilikuwa na duka dogo la vifaa vya shule karibu na stendi. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka Kigoma aliyeuza mitumba. Si nguo tu. Alifungua marobota ya vyombo, mabegi, midoli. Siku moja alinirushia boksi lililobonyea pembeni, lenye picha ya kifaru na maandishi ya Kijapani.

"Chukua hii, mama. Mimi nauza vitu vizima. Hivi ni vipande vipande, vitanifukuzia wateja."

"Nami nikifanyie nini?"

"Wewe si unauza gundi?"

Nililipeleka nyumbani nikiwaza kwamba kikiunganishwa kitapendeza dirishani dukani. Jioni nikavimwaga vipande mezani, nikaanza kuvitenganisha. Nyuma ya pazia baba mkwe akasikia ule mgongano wa plastiki.

"Unachambua maharage, mwanangu?"

"Hapana, baba. Ni kifaru. Cha kuchezea, hakijaunganishwa."

Nikakumbuka onyo la vita, nikaanza kuvirudisha ndani ya boksi. Ndipo mkono ukatokea chini ya pazia, kiganja juu, ukasubiri. Nikaweka kipande kimoja. Mkono ukarudi ndani.

"Gurudumu," alisema baada ya kitambo. "La kubebea mnyororo. Leta kingine."

Nilimpa karibu kila kipande jioni ile. Kwenye mnara, ile sehemu ya juu inayobeba mzinga, alisita sana. "Hiki si chetu. Chetu kilikuwa cha Kichina, mnara wake mviringo, umekaa mbele zaidi. Hiki kina pembe." Akakigeuza tena, nilisikia ukucha ukipita kwenye plastiki. "Lakini unaweza kukikata."

"Nikikate kiwe chenu?"

"Kiwe chetu."

Sababu ya kukitaka hakuniambia siku hiyo. Aliitoa kidogo kidogo, siku kadhaa, nikiwa nasugua vipande kwa msasa, naye akiongea kana kwamba anazungumza na kitambaa. Naipanga hapa kama ninavyoielewa.

Walikwenda vitani wawili kutoka mlima mmoja, yeye na rafiki yake waliyechunga naye ng'ombe. Wakapangwa kifaru kimoja. Yeye dereva, rafiki yake kazi ya kupakia makombora. Ng'ambo ya mto Kagera, katika mvua, kifaru kilizama kwenye matope kando ya shamba la migomba. Rafiki yake alishuka kuweka magogo chini ya minyororo, na risasi ikampata pale pale. Kulikuwa na handaki lililochimbwa na askari wa miguu waliotangulia. Wakamlaza humo, wakamfunika, wakapata amri ya kuendelea.

Vita vilipokwisha alikwenda kwa mama wa rafiki yake, huko Ileje, juu ya Itumba, kumpa habari. Mama alimuuliza jambo moja tu: "Mlimlaza vipi?" Naye alijibu, "Kwenye matope, mama," na neno la pili halikutoka. Mama alielewa kwamba mwanawe aliachwa kwenye tope kama mzoga. Akamwambia asikanyage tena uwanja wake. Na ndugu walipotaka kuanua tanga, kuzika mgomba badala ya mwili kama wengine walivyofanya, mama alikataa. Alisema hawezi kumaliza msiba wa mtu ambaye hajui amelala vipi.

Miaka yote hiyo msiba haukumalizwa. Mama aliendelea kuvaa kitambaa cheusi kichwani, na baba mkwe aliendelea kupita njia ya chini, ya mtoni, ili asipite mbele ya nyumba yake. Alijaribu kutuma watu wamweleze. Mama aliwaambia, "Nyinyi mlikuwepo? Aliyekuwepo ni dereva." Lakini dereva kila alipoanza kusimulia alifika kwenye neno matope, akaishia hapo.

"Kusema siwezi," aliniambia. "Ila nikiwa na kitu cha kushika, naweza kumwonyesha. Mama yule anazeeka. Nataka aanue tanga la mwanawe, na nataka nipite njia ya juu."

Basi kifaru hakikwenda dirishani.

Tulisogeza meza kwenye mlango wa chumba chake, nusu yake sebuleni, nusu chumbani, pazia likaning'inia katikati ya meza hiyo. Chini ya pazia tulipitisha ubao, kipande cha plywood ambacho mume wangu alikikata gereji. Shangazi alipokuja kutembea, akaikuta hali hiyo, alisimama akaitazama kwa muda.

"Mikono naiona," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Mikono si uso," akaamua, akaomba chai.

Gundi ya kwenye boksi ilikuwa imekauka kama jiwe. Tulitumia gundi ya mafundi viatu, inayoshika kabla hujasema samahani. Mara mbili niliunganisha kidole changu na mnyororo. Maelezo ya Kijapani yalikuwa na michoro, nami nilimsomea michoro hiyo kwa sauti: "Kipande chenye matundu mawili kinaingia kwenye chenye ndimi mbili." Yeye aliunganisha kwa kupapasa, polepole, akiweka kila kipande mara ya kwanza mahali pake. Mnara niliukata kwa kisu kilichopashwa moto juu ya jiko la mkaa, nikajaza nta ya mshumaa kwenye pembe, nikausugua mpaka ukawa mviringo. Nikaupitisha chini ya pazia. Uliporudi ulikuwa na alama za vidole kwenye nta, pale alipoubonyeza uwe kama anavyoukumbuka.

Kilichotushinda kwa muda mrefu ni matope.

Mara ya kwanza nilichukua udongo wa mfinyanzi kwenye mashimo ya wachoma matofali. Nikaukanda, nikautandaza ubaoni, nikachimba handaki kwa kijiko. Ulipokauka ulipasuka kama kisigino cha kiangazi, vipande vikabanduka. Mara ya pili nikaongeza gundi nyeupe ya seremala. Haukupasuka, lakini baba mkwe aliupapasa akasema, "Hii ni sakafu."

"Matope yalikuwaje, baba?"

"Yalikuwa yanashika kiatu. Ukivuta mguu, kiatu kinabaki, mguu unatoka. Na ndani yake kuna vitu. Majani ya migomba yaliyooza, vijiti, nyasi."

Nikaenda kwa mama yangu Mbozi nikarudi na mfuko wa maganda ya kahawa. Nikayachanganya na udongo, maranda ya mbao na gundi, uji mzito, nikaupaka kwa kidole badala ya kijiko, nikiuvuta juu ili ubaki na vichwa vidogo kama tope lililokanyagwa. Ulipokauka nikaupitishia vanishi iliyozimuliwa. Mume wangu aliporudi kutoka gereji aliuona ubao mezani akasema, "Nani amemwaga maji hapa?" Tulicheka wote watatu, mmoja akiwa nyuma ya pazia.

Majani ya migomba niliyakata kwenye karatasi za kijani za sabuni. Nyasi zilikuwa nyuzi za gunia zilizochemshwa kwenye chai. Magogo yalikuwa vijiti vya kiberiti vilivyounguzwa ncha. Minyororo tuliizamisha matopeni mpaka katikati ya magurudumu, kwa sababu alisisitiza kwamba kifaru kilikuwa kimeketi, hakikusimama.

Ndipo lilipotokea kosa letu, na nadhani ni watu wa nyumba kama yetu tu wangeweza kulifanya.

Alikuwa ameniambia handaki liko kulia, karibu na kifaru, nami nikalichimba kulia. Kila kitu kikakauka, handaki likapendeza, na kuta zake nilizishindilia vijiti. Siku aliyotaka kulipapasa mwenyewe, vidole vyake vilianzia mzingani, vikashuka ubavuni, vikatafuta. Havikupata kitu. Vikavuka juu ya kifaru kwenda upande wa pili, vikatumbukia handakini, vikatulia.

"Mwanangu. Umemweka upande wa risasi."

"Baba, uliniambia kulia."

"Ndiyo. Kulia."

Mimi ndiye niliyeliona kwanza. Tulikuwa tumekaa tukielekeana, pazia katikati. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Watu wengine wangekuwa wameonyeshana kwa macho au kwa kidole tangu siku ya kwanza. Sisi tulikuwa tumejenga bonde zima kwa maneno.

Akanieleza kwa nini haiwezi kubaki hivyo. Risasi zilitoka kwenye migomba, upande wa kushoto wa dereva. Walimlaza kulia makusudi, kifaru kikiwa ukuta kati yake na migomba, na hakuna aliyeondoka pale mpaka alipofunikwa. Hilo ndilo alilotaka mama wa rafiki yake alione. Kwenye ubao wangu ilionekana walimtupa upande wa adui wakajificha.

"Tukigeuza kifaru?" nilisema. "Mzinga uangalie huko kwako, handaki litakuwa kulia kwake."

Nilisikia akicheka kidogo puani. "Bado atakuwa upande wa migomba, na kifaru sasa kitakuwa kinakimbilia nyumbani."

Tukavunja. Gundi ya seremala ikikauka na maranda haikubali upole; nilitumia bisibisi na nyundo ya mume wangu, vipande vikaruka mpaka kwenye kochi. Nilifukia handaki la kwanza, nikachimba la pili, na tangu siku hiyo hatukusema tena kulia wala kushoto bila kuongeza "kwa dereva". Hata chumvi nilimwambia iko kushoto kwa dereva.

Handaki jipya lilipokauka akaomba turubai. Nilikata kitambaa cha mwavuli mbovu, nikakipaka tope, nikakilaza juu ya handaki na mawe madogo pembezoni. Alilipapasa turubai hilo mara moja tu. Hakusema liinuliwe wala lishushwe. Aliurudisha ubao upande wangu akasema, "Basi. Mwambie shangazi yako atangulie."

Shangazi alipanda Itumba kuomba ruhusa, akarudi na jibu. Mama alikuwa amesema kitu hicho kije. Dereva akae nje ya uzio.

Mume wangu aliazima pikapu ya mteja wake. Baba mkwe alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma juu ya gunia, ubao mapajani, kanga kichwani, mgongo nimewapa. Shangazi alikaa pembeni yangu akishika ubao kwa mkono mmoja na ukingo wa gari kwa mwingine. Njiani watu walichungulia. Kwenye kituo kimoja mwanamke wa ndizi aliuliza, "Dada, hiyo keki?"

"Ya harusi," shangazi akajibu. "Usiiguse."

Nyumba ya mama ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiwa, mibuni nyuma. Mvua nyembamba ya milimani ilikuwa inaacha. Baba mkwe aliwekewa kigoda nje ya uzio wa matete. Nilisikia mkongojo wake ukitafuta ardhi. Mimi niliingia na ubao, nikauweka juu ya stuli, nikatoa kanga iliyoufunika.

Mama alikuwa mdogo wa mwili, kitambaa cheusi kimefungwa nyuma ya masikio. Aliinama akatazama kwa muda mrefu. Aliuzunguka ubao wote.

"Hii ni migomba?"

"Ndiyo, bibi."

"Inafanana na yetu." Akagusa tope kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole kama kimelowa. "Na adui?"

"Alikuwa upande huu wa migomba. Kifaru kiko katikati."

Aliinama tena, macho yakiwa usawa wa ubao, akatazama kutoka migombani kuelekea handakini. Kutoka pale handaki halionekani, kifaru kinaliziba. Alibaki ameinama hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea kwa mgongo wa umri wake.

"Yeye yuko wapi?"

Nikamwonyesha turubai. Akaingiza ukucha chini ya ukingo wake, akaliinua.

Chini yake nilikuwa nimeweka mtu. Baba mkwe hakuniomba, wala sikumwambia. Nilimfinyanga kwa nta juu ya waya, mrefu kama kiberiti, nikampaka rangi ya nguo za jeshi. Niliona haifai turubai lifunike shimo tupu. Lakini namna ya kumlaza sikuiuliza. Nilimlaza chali, mikono ubavuni, kama tunavyolazwa kwenye majeneza.

"Mlimlaza hivi?" mama aliuliza, na hakuwa akiniuliza mimi. Alipaza sauti kuelekea kwenye uzio. "Dereva! Mlimlaza chali, kama gogo?"

Sauti ya baba mkwe ikatoka nje ya uzio: "Nani yupo humo, mama?"

"Mwanangu. Binti amemweka mwanangu."

"Mimi sikujua kuna mtu," alisema. "Hapana, mama. Si chali. Handaki lilikuwa jembamba. Tulimlaza kwa ubavu."

Mama akasimama wima. "Ubavu upi?"

Mama akamwambia shangazi, kwa Kindali, maneno ambayo hata mimi niliyaelewa: "Mwingize."

Hapo nililazimika kugeuka. Nilikwenda ukutani mwa jiko, nikavuta kanga usoni, nikakaa nikitazama matofali yaliyoingia masizi. Kilichofuata nimekisikia tu, nami nakiandika kama nilivyokisikia.

Mkongojo uliingia uwanjani. Ulisimama karibu na stuli.

"Ubavu upi?" mama aliuliza tena.

"Nikisema nitakosea. Leteni mkeka."

Mkeka ulikunjuliwa. Nikasikia magoti ya mzee yakigoma, pumzi, nguo zikiburuzika, kisha mwili kulala. Nilitaka kugeuka kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote tangu niolewe. Shangazi alilijua hilo.

"Usigeuke, mwali."

Sikugeuka.

"Na magoti?" sauti ya mama ilikuwa imeshuka chini, nadhani alikuwa amechuchumaa.

"Nilimkunja mimi mwenyewe. Hivi. Mkono huu nikauweka chini ya shavu, tope lisimguse usoni. Halafu koti langu. Halafu turubai. Halafu udongo, kwa mikono, kwa sababu koleo lilikuwa chini ya kifaru."

Alikuwa amelivuka lile neno. Alilisema, akapita, akaendelea. Maji yalidondoka kutoka bati.

"Alikuwa akilala hivyo," mama alisema, "tangu ananyonya. Namgeuza, anarudi." Kisha akasema, "Inuka sasa. Mkeka umelowa, utapata baridi."

Tulipewa chai ya maziwa na magimbi, baba mkwe upande mmoja wa nyumba na mimi upande mwingine. Shangazi, ambaye hajui kungoja, aliuliza kilichotupeleka. "Basi mama, tuanue?"

Mama alisema ubao ubaki. Neno lake atalituma kahawa ikishavunwa.

Tulirudi Tunduma kabla ya giza. Nilimwomba shangazi aniambie ni ubavu upi, nikiwaza kwamba siku moja nitakwenda kumlaza upya yule mtu wa nta. Akasema hilo ni la mama wa marehemu, na kwamba nisitafute kuona kwa masikio nilichokatazwa kuona kwa macho. Mume wangu alikuwa akitengeneza tairi barabarani, hakuona. Baba mkwe sijamuuliza. Kuna mambo mtu akishayafanya kwa mwili wake wote, ni ukorofi kumtaka ayaseme tena kupitia pazia.

Kahawa ya mwaka ule ilivunwa, na ya mwaka uliofuata. Watu wanaoshuka kutoka Itumba wanaleta habari zisizolingana. Mmoja alisema mama bado ana kitambaa cheusi. Mwingine alisema amemkuta ndani bila kitambaa, akakifunga haraka aliposikia hodi. Wote wanakubaliana kwamba ubao uko chumbani kwake, juu ya sanduku, na kwamba hauruhusu uguswe kufutwa vumbi. Baba mkwe amekwenda Ileje mara moja tangu siku ile, kwenye harusi. Mjukuu wake mmoja aliyemshika mkono anasema walipofika kwenye njia panda, alisimama akauliza kama kuna mtu ametumwa kumwambia chochote. Hakukuwa na mtu. Wakapita njia ya chini.

Basi dogo la Itumba huingia stendi mchana, na dereva wake huleta mizigo na salamu za watu mpaka dukani kwangu. Jioni nikirudi nyumbani, kabla sijavua viatu, sauti inauliza nyuma ya pazia, "Limekuja?" Najua haulizii basi, anaulizia neno la mama. Mpaka ninapoandika haya, sijapata jibu la kumpa zaidi ya hapana.